Kundi la Damu la Mlinzi wa Lango

Chinami alikuwa na damu ya kundi AB. Baba yake, Shigeo Kuramochi, alikuwa kundi O. Mtu wa O hazai mtoto wa AB, hata azae mia. Shigeo aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitano, lakini hilo alilijua, kama alivyolijua kila mtu mtaani kwao Nerima, Tokyo. Na kadi aliyokabidhiwa na daktari mlangoni mwa chumba cha upasuaji haikuwa na maandishi mengi. Jina la binti. Tarehe. AB.

"Kidole tumbo tumekitoa salama," daktari alisema. "Kesho kutwa ataanza kunywa uji."

"Asante, daktari."

"Kadi hiyo itunzeni. Itamfaa siku nyingine."

Shigeo aliikunja kadi mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Mkewe, Mutsuko, alikuwa ameteremka kununua chai kwenye mashine. Aliporudi na makopo mawili ya moto, aliuliza yote kwa mkupuo mmoja kama ilivyokuwa kawaida yake: mtoto ameamka? Ameshonwa nyuzi ngapi? Damu wamempima? Kundi gani?

"B," Shigeo akajibu. "Kama wewe. Kama tulivyodhani."

"Si nilisema!" Mutsuko akacheka, akampa kopo lake. "Ubishi wote ule ungetoka wapi kama si kwangu?"

Huo ulikuwa uongo wa kwanza Shigeo kumwambia mkewe katika miaka kumi na mitano ya ndoa. Aliusema bila kutetemeka, akanywa chai.

Nyumbani kwao kundi la damu halikuwa jambo dogo. Kweli, nchi nzima iliulizana makundi kabla ya kuulizana kazi, na kila mtu alijua kwamba A ni mpangilifu mwenye wasiwasi, B hufuata kichwa chake, O ana moyo mpana na hana kinyongo, na AB ni watu wawili ndani ya ngozi moja. Madaktari walikuwa wakisema ni upuuzi. Watu waliwasikiliza, kisha wakaulizana tena. Lakini kwa akina Kuramochi lilikuwa pia jambo la kila Jumapili asubuhi, kwa sababu ya kazi ya Shigeo.

Shigeo alichora katuni. Hakuwa mchoraji mkuu, wala jina lake halikuandikwa kwa herufi kubwa. Mchoraji mkuu huchora mkono ukiwa chini, kisha huuchora ukiwa juu. Shigeo alichora mikono yote ya katikati, karatasi juu ya karatasi kwenye meza ya taa, ile ya kioo inayomulikwa kwa chini, ili mtazamaji auone mkono ukipanda. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na tano, na studioni kwao hakuna aliyejaza nafasi kati ya picha mbili vizuri kama yeye.

Wakati huo walikuwa wakichora kipindi cha Jumapili asubuhi kilichoitwa Kengele Saba, hadithi ya ufalme ulio juu ya mawingu, wenye majoka na wachawi na mbweha waliovaa viatu. Kila mhusika wa hadithi kama hizo hupewa karatasi ya maelezo: siku ya kuzaliwa, kimo, chakula akipendacho, kundi la damu. Hata joka lina kundi la damu. Wachoraji wa katikati hawakuonyeshwa karatasi hizo. Wao walipewa karatasi za sura tu. Wote, Shigeo akiwemo, walisubiri jarida la mwezi lichapishe. Basi kila mhusika mpya alipotokea, mtu na mkewe na binti yao walikisia. Kila mmoja aliandika kundi kwenye kikaratasi, akakikunja, akakiweka chini ya chupa ya sosi ya soya. Jarida likitoka, walifunua. Aliyekosa aliosha vyombo vya asubuhi.

Chinami ndiye aliyekuwa bingwa. Alianza akiwa na miaka sita, na kufikia kumi na mitatu alikuwa ameosha vyombo mara chache sana. Mutsuko aliandika B kwa kila mtu, majoka na yote, akisema siku moja atapatia, na kweli siku nyingine alipatia.

Wiki mbili kabla ya kuugua kwa Chinami, alitokea mhusika mpya: mlinzi wa lango, mzee asiyesema, mwenye funguo kiunoni.

"Huyo A," Chinami akasema, mdomo umejaa wali.

"Meza kwanza," mama yake akamwambia.

"Anafunga mara tatu, halafu anarudi kulitikisa lango aone kama limefungwa kweli. A mtupu. Kama baba."

"Mimi ni O," Shigeo akasema.

"Baba! Wewe O?" Chinami akaweka vijiti chini. "Mtu wa O anapanga soksi kwa rangi? Mtu wa O anachonga penseli kumi na mbili kila asubuhi, zote ziwe urefu mmoja?"

"Ile ni kazi."

"Na taulo je? Mama akishakunja, unasubiri aondoke, unakunja upya. Nimekuona kwa macho yangu."

"Ananikunjia upya?" Mutsuko akageuka. "Kumbe nafanya kazi ya bure humu ndani!"

"Zinakaa vizuri zikikunjwa mara tatu," Shigeo akasema, na wote wawili wakamcheka mpaka naye akacheka. "Nina kijitabu cha uzazi cha mama yangu. Kimeandikwa O, kwa wino. Mkunga aliandika mwenyewe siku niliyozaliwa."

"Basi mkunga alikosea," Chinami akasema. Akaandika A, akakunja, akainua chupa ya sosi. "Na mlinzi wa lango ni ndugu yako."

Shigeo aliandika O. Alimwona mlinzi yule ni mtu aliyedhulumiwa na mfalme, na bado anamlindia lango. Huo ni moyo mpana. Aliupenda moyo wa namna hiyo, na siku zote alijihesabu kuwa anao, kwa kuwa ndivyo kijitabu kilivyosema.

Jarida lilitoka siku ya tatu ya Chinami hospitalini. Shigeo alilinunua kituoni, akalisoma ndani ya treni akiwa amesimama. Ukurasa wa arobaini na moja, chini ya picha ya mzee mwenye funguo: kundi A. Aliliacha jarida kwenye rafu ya mizigo, akashuka.

Chinami alikuwa amekaa kitandani, nywele zimesimama upande mmoja.

"Limetoka?"

"Nini?"

"Baba, usinitanie, nyuzi zinauma nikicheka. Jarida. Nani kashinda?"

"Sijaangalia," Shigeo akasema. "Una miaka kumi na mitatu sasa. Mambo ya kukisia vikaragosi waachie watoto."

Chinami alimtazama kama anayesubiri mwisho wa mzaha. Mwisho haukuja. Akavuta shuka mpaka kidevuni, akasema sawa.

Sasa, Shigeo hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya angepiga kelele, angevunja sahani, na kwa kelele zile ukweli ungetoka siku hiyohiyo. Shigeo alikaa kwenye meza yake ya taa akajiambia: mimi ni O. O husamehe. Nitasamehe, sitasema neno, mtoto atasoma, mke atakaa, na hakuna atakayeaibika. Aliliona hilo kuwa jambo kubwa alilolifanya. Hakuna aliyemwomba msamaha huo.

Lakini msamaha wa kimya una njaa yake, unataka kujua unamsamehe nani. Mama ni B, mtoto ni AB. Basi baba lazima awe na A ndani yake. Shigeo akaanza kukisia. Aliwapitisha kichwani wanaume wote ambao Mutsuko aliwahi kuwacheka au kuwachekea, mmoja mmoja, kama wahusika wapya wa Jumapili. Muuza mchele: anapunja mizani huku anaimba, huyo B, mtoe. Mwalimu wa kuogelea: anasahau majina ya wanafunzi wake, O, mtoe. Binamu wa Mutsuko wa Niigata: hawezi kuchagua chakula hotelini, pengine AB, lakini hajafika Tokyo miaka ishirini.

Akafika kwa Hidaka.

Hidaka alikuwa mpaka rangi wa studio na rafiki yake tangu wote wawili wana miaka kumi na saba. Alisafisha brashi zake mara saba. Alikuja kwao kila Ijumaa na figili za kachumbari alizotia chumvi mwenyewe, kwa kuwa Mutsuko alizipenda. Siku Chinami alipozaliwa kwenye kliniki ndogo ya mkunga, Shigeo alikuwa akimalizia picha mia mbili za farasi, na Hidaka ndiye aliyekuwa wa kwanza kumshika mtoto. Yeye mwenyewe alizoea kujicheka: "Mimi A. Nikifa nitaomba jeneza lipimwe na rula."

Shigeo alikuwa na picha mbili. Ya kwanza, Mutsuko na Hidaka wakicheka jikoni mbele ya bakuli la figili. Ya mwisho, kadi yenye AB. Za katikati akazichora mwenyewe, na alikuwa mchoraji mzuri. Baada ya mwezi mmoja, picha zilikuwa zinatembea.

"Shige," Hidaka alimwambia mchana mmoja wakila, "Ijumaa ya nne hii hujanikaribisha. Mutsuko anaumwa?"

"Usimtaje."

"Nisimtaje Mutsuko?"

"Hidaka. Kundi lako ni A kweli?"

"A la kuzaliwa. Kwani vipi, unataka kuniongezea damu?" Hidaka akacheka. Alipoona amecheka peke yake, akaacha. "Ndugu yangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu," Shigeo akasema, akafunga sanduku lake la chakula.

Mwaka uliofuata kompyuta zilianza kupaka rangi, na mkuu wa studio, Bwana Ezure, akamwita Shigeo ofisini. Alitaka kubakiza mtu mmoja wa rangi, Hidaka au msichana mpya. "Wewe umekaa na Hidaka miaka yote. Neno lako linanitosha."

Shigeo alitazama dirishani. "Sina la kusema juu ya Hidaka."

"La kumsifu huna?"

"Sina la kusema."

Hidaka aliondoka mwezi wa tatu na brashi zake kwenye mfuko wa karatasi. Alipata kazi kwenye ghala la vifaa vya bafu huko Saitama. Miaka minne baadaye ini lilimuua. Studio ilikodi basi dogo kwenda mazikoni, na mtu akaja mezani kwa Shigeo kumwambia kiti chake kipo. Shigeo akasema ana picha za kumaliza.

Nyumbani, Mutsuko alivumilia kwa muda ambao mtu wa kundi lake, kwa maneno ya magazeti, hawezi kuvumilia. Alimwuliza kwa mzaha, kwa upole, kwa hasira.

"Tangu mtoto alazwe hujaniangalia usoni. Kama una mwanamke, sema."

"Sina."

"Basi mimi ndiye mwenye kosa. Litaje nilijue."

"Nimeshasamehe," Shigeo akasema.

Mutsuko alikuwa na mwiko wa wali mkononi. "Umesamehe nini?"

Shigeo alivaa viatu akatoka. Kwa miaka mitano Mutsuko aliliuliza swali hilo hilo, kila mara kwa sauti ndogo zaidi: umesamehe nini? Kwake Shigeo, mwanamke asiyetaka kukiri alikuwa anazidisha kosa, na yeye akazidisha kusamehe. Chinami alipomaliza shule ya sekondari, Mutsuko alirudi Niigata kwa dada yake. Siku ya kuondoka alifua taulo zote za nyumba, akazikunja kwa njia yake, mara mbili tu. Jioni ile Shigeo alizikunja upya.

Chinami naye alitazama Kengele Saba peke yake mpaka kipindi kikaisha. Kwa muda aliendelea kuweka kikaratasi chake kimoja chini ya chupa ya sosi, na kila Jumapili Shigeo alikiondoa akifuta meza. Kisha binti aliacha. Alihamia kwenye bweni, akapata kazi ya duka la miwani, akaolewa kwa kutia saini ofisi ya wilaya, akamtumia baba yake barua ya mistari mitatu. Shigeo alijibu kwa mistari miwili.

Mwaka mmoja baadaye, kwenye kadi ya mwaka mpya, chini ya picha ya mnyama wa mwaka huo, maana kwao kila mwaka una mnyama wake, Chinami aliandika kwa mkono: "Baba, nina mimba, na wamenipima damu. Sasa naelewa ulichokuwa umekibeba. Asante kwa kunilea hata hivyo."

Shigeo aliisoma kadi akiwa amesimama kando ya sanduku la barua. Kama kulikuwa na chembe ya shaka, ilikufa pale. Mutsuko amekiri kwa binti yake, akawaza. Hatimaye. Hakumjibu Chinami, kwa sababu mtu wa O hapendi kushukuriwa.

Akiwa na miaka hamsini na miwili alipata ngiri. Hakuwa amelala hospitali hata mara moja maishani, na gari la kuchangia damu lilipokuja kituoni alivuka barabara, maana aliogopa sindano kuliko moto. Studio iliwapima kila mwaka sukari na mafuta. Kundi hakuna aliyeliuliza, kila mtu si analijua lake? Safari hii walimpima.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. "Bwana Kuramochi, kwenye fomu umeandika O."

"Ndiyo."

"Damu yako ni A."

"Mmechanganya chupa."

"Ndivyo tulivyodhani. Ndiyo maana juzi tulikuchoma tena. Chupa mbili, siku mbili, A na A."

"Nina kijitabu. Mkunga aliandika."

"Lini?"

"Siku niliyozaliwa."

Muuguzi akatabasamu, akamvutia blanketi vizuri. "Basi ndiyo hiyo. Damu ya kichanga bado haijakomaa. Ukiipima siku ya kwanza, A yaweza kuonekana O. Wa umri wako wengi huingia humu O wakatoka A, wengine wananuna kabisa, wanasema tumewabadilishia tabia. Siku hizi hatuwapimi tena vichanga. Usijali, baba, haibadilishi kitu."

"Haibadilishi kitu," Shigeo akasema. Kisha akauliza, "Mwanaume wa A na mwanamke wa B. Wanaweza kuzaa AB?"

"Hao wanaweza kuzaa chochote," muuguzi akasema, na akaenda kitanda cha pili.

Shigeo alikaa siku nne akitazama dari. Alikuwa na picha mbili, na sasa mtu amekuja kumwambia kwamba katikati yake hakukuwa na kitu.

Alikwenda kwa Chinami akiwa bado na plasta tumboni, akitembea kama anayebeba maji. Binti alifungua mlango na mtoto kiunoni. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja. Shigeo hakujua jina lake.

"Baba." Chinami akasogea kando. "Karibu. Ungepiga simu ningepika."

"Sikai sana."

Alimmiminia chai ya shayiri. Shigeo hakuigusa. Alitoa kadi mbili mfukoni, moja ya zamani iliyokunjwa mpaka imepauka na moja mpya ya kwake yenye A, akazipanga mezani, kingo sambamba. Akaeleza. Hakuwa mzungumzaji, kwa hiyo ilimchukua dakika chache tu. Mtoto alikuwa akigonga meza kwa kijiko.

Chinami alisoma kadi ya kwanza, akasoma ya pili, akarudia ya kwanza.

"Hii ni ya kidole tumbo changu."

"Ndiyo."

"Ulisema B."

"Nilisema B."

"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilidhani nimekukosea kitu siku ile. Nilirudia kichwani kila nilichosema kabla ya kuugua." Alisema polepole. "Nilidhani ni kwa sababu nilikucheka kuhusu taulo."

"Nilidhani nawalinda."

"Ulikuwa unatukisia, baba." Sauti yake haikupanda, ila mtoto aliacha kugonga. "Wale wa Jumapili walikuwa wa kuchorwa. Hawana mdomo wa kuulizwa, ndiyo maana tulikisia. Mama alikuwa jikoni. Hatua sita kutoka ulipokaa. Mjomba Hidaka ulikuwa ukila naye kila mchana."

"Ulisema mkunga alikosea," Shigeo akasema. "Siku ile. Ulisema."

"Nilikuwa natania!"

Kisha akaonekana kukumbuka kitu, na uso wake ukabadilika, akaacha kumtazama baba yake kabisa. "Mama," akasema. "Nilipopimwa mimba nilimpigia mama. Nikamwambia mimi AB, baba O, haya niambie. Akaapa. Nikamwambia muongo. Nikamwambia ndiyo maana baba alikuwa vile, wewe ndiye uliyemharibu. Nikamwambia asinipigie tena." Alikuwa ameshachukua simu. "Hajanipigia."

Aliiweka simu mezani kati ya zile kadi mbili, sauti wazi. Ililia mara tano.

"Ndiyo," sauti ya Mutsuko ikasema. Nyuma yake televisheni ilikuwa ikitangaza hali ya hewa ya Niigata.

"Mama. Ni Chinami." Akainamia simu. "Baba yuko hapa. Amepimwa. Baba ni A."

Televisheni ilimaliza theluji, ikaingia upepo.

"Nani kasema?"

"Hospitali. Wamempima mara mbili. Kijitabu kilikosea, mama. Mama, mimi ni—"

"Nilikuapia," Mutsuko akasema. "Kwa kaburi la mama yangu nilikuapia."

"Najua. Mama, najua, nisamehe—"

"Yeye miaka mitano nilimwuliza amesamehe nini. Wewe nilikuapia." Televisheni ikazimwa. "Mwambie nimesikia."

Simu ikakatika. Chinami alipiga tena, ikalia mpaka ikachoka. Akapiga ya tatu. Shigeo alinyoosha mkono kuzipanga zile kadi, ambazo simu ilikuwa imezisogeza, akaona anachofanya, akaurudisha mkono magotini.

"Anaitwa nani?" akauliza, akimwonyesha mtoto kwa kidevu.

"Fuki."

"Fuki," akasema.

"Hajapimwa," Chinami akasema, macho kwenye simu. "Wala sitampima mpaka siku atakapougua. Baba, nenda sasa. Nikiwa tayari nitakupigia mimi. Usinipigie wewe."

Shigeo akasimama kwa shida, akavaa viatu, akainama mlangoni kama mgeni. Alikwenda kituoni kwa miguu. Kwenye benchi la kituo alihesabu, maana ni mtu wa kuhesabu, na alikuwa hivyo siku zote, kijitabu kiseme kisemavyo.

Mke mmoja, miaka mitano akiuliza asijibiwe, miaka sita yuko Niigata. Rafiki mmoja tangu miaka kumi na saba. Kazi yake, kisha mazishi yake, na kiti kimoja kitupu kwenye basi. Mwaka mmoja na miezi minane mama na binti hawajasemezana, na sasa mama hapokei simu ya binti asiye na kosa ila kumwamini baba yake. Ndoa moja ambayo hakuitwa. Mjukuu mmoja, ambaye jina lake amelijua leo, mwaka mzima baada ya watu wengine. Jumapili mia tano sabini na mbili ambazo hakuna aliyefunua kikaratasi. Na vyombo vya asubuhi moja, bakuli tatu na jozi tatu za vijiti, maana kwa mlinzi wa lango alishindwa kihalali na hakuviosha.